Forest Whitaker: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kazi Yake ya Filamu

Forest Whitaker ni nani? Jina nalisikia, sura siikumbuki.

Yamkini sura umeshaiona tangu utotoni. Kama ulikulia karibu na kibanda cha video, uliitazama *Bloodsport* ya mwaka 1988, ile ambayo Van Damme anakwenda Hong Kong kupigana kumite, mashindano ya siri ya mapigano. Kuna maofisa wawili wa Kimarekani wanaomsaka mjini na kila mara anawaponyoka. Yule Mweusi, mrefu, mwenye uso wa upole, ndiye Whitaker. Pale kibandani hakuna aliyeuliza jina lake, maana steringi alikuwa mwingine. Lakini mwaka huohuo mtu huyohuyo alipanda jukwaani kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, akapokea tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu nyingine kabisa iitwayo *Bird*. Watazamaji wa filamu hizo mbili huenda hawakujua kwamba wanamtazama mtu mmoja, na ndiyo habari yake yote tangu hapo.

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1961 mjini Longview, Texas. Akiwa bado mtoto familia ikahamia California, akakulia Carson, kusini mwa Los Angeles. Mama yake alikuwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, baba yake muuzaji wa bima.

Ni kweli aliingia chuoni kwa sababu ya mpira?

Kweli. Ni ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kuvaana miili. Chuo cha Cal Poly Pomona kilimlipia masomo kwa sababu ya uchezaji wake. Akaumia mgongo, na ndoto ya uwanjani ikaishia hapo.

Kilichofuata watu wengi hukipitia juu juu, nami naona ndicho kinachomweleza. Alihamia muziki. Akakubaliwa Chuo Kikuu cha Southern California kusomea uimbaji wa opera. Kwaya zetu zingemweka sauti ya tatu, kwa sababu pamoja na ukubwa wote ule wa mwili, sauti yake ni ya juu na laini. Baadaye akahamia sanaa za maonyesho chuoni hapohapo. Na hata tamthilia iliyomvuta kwenye uigizaji ilikuwa ya sauti: *Under Milk Wood* ya Dylan Thomas, iliyoandikwa kwa ajili ya redio, ambamo kijiji kizima kinaishi kwa kusikika tu.

Mimi huamini kwamba Whitaker huuvaa uhusika kwa kuanzia sikioni. Waigizaji wengine huanza na mwendo, au mavazi, au hasira. Yeye ni kama anatafuta kwanza mtu huyu anapumuaje, anavuta neno lipi, ananyamaza wapi. Ukizitazama filamu zake ukiwa na wazo hilo, utaanza kuona uzi mmoja kwa mtu ambaye kwa nje hafanani na yeyote aliyemwigiza jana.

Alianza na filamu gani?

Mwaka 1982 alionekana katika *Fast Times at Ridgemont High* akiwa nyota wa mpira wa shule. Kwa umbo lake, ni uhusika ambao angeweza kugandishwa nao maisha yake yote: jitu linaloogopwa shuleni. Kilichomwokoa ni mwaka 1986, alipopata dakika chache tu katika *The Color of Money* ya Martin Scorsese.

Dakika hizo nazipendekeza kwa yeyote anayesomea uigizaji. Paul Newman anacheza mzee bingwa wa pool, mtu aliyeishi kwa kuwatapeli wachezaji wengine. Anakutana na kijana mnene, mzungumzaji, anayecheza kama mtu asiyejua kitu na kupoteza pesa huku akicheka. Kidogo kidogo kijana anaanza kushinda. Newman anapogundua kwamba safari hii anayetapeliwa ni yeye, pesa zimeshakwenda. Na Whitaker habadiliki. Hakuna kicheko cha ushindi wala jicho kali. Anaendelea kuwa yule kijana mwenye aibu, hata anamuuliza mzee kama anadhani anahitaji kupunguza unene. Mtazamaji anabaki hajui kama ameuona uso wa kweli wa kijana huyo hata mara moja.

Mwaka huo huo alikuwamo kwenye *Platoon*, na mwaka 1987 kwenye *Good Morning, Vietnam*, akiwa askari anayemsindikiza mtangazaji wa redio aliyeigizwa na Robin Williams. Williams anamwaga maneno kama mvua ya masika. Kazi ya Whitaker ni kusikiliza na kucheka. Jaribu kucheka kwa ukweli mbele ya kamera, mara ishirini kwa utani uleule, uone ugumu wake.

Katika *Bird*, anayepuliza saksafoni ni yeye?

Vidole ni vyake, sauti si yake. Filamu hiyo ya Clint Eastwood inahusu maisha ya Charlie Parker, mpulizaji saksafoni wa jazi aliyefariki mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 34, mwili umekwishachakazwa na dawa za kulevya na pombe. Whitaker alijifunza saksafoni ili mikono na pumzi viendane na muziki, lakini unachokisikia ni Parker mwenyewe. Mafundi walichomoa upulizaji wake kwenye rekodi za zamani, kisha wanamuziki wa kisasa wakarekodi upya ala nyingine kuuzunguka. Filamu ilipata Oscar ya sauti.

Kwa hiyo Whitaker alikuwa na kazi ngumu ya kuigiza chini ya pumzi ya mtu aliyekufa. Kule Cannes waliona alivyoifanya, wakampa tuzo akiwa na miaka 26.

Tuzungumzie Idi Amin. Alijifunza Kiswahili kweli?

Ndiyo, na hapa msomaji wa Kiswahili ana cha kusema kuliko wahakiki wa Los Angeles.

*The Last King of Scotland* iliongozwa na Kevin Macdonald, ikatoka mwaka 2006, kutokana na riwaya ya Giles Foden. Katika maandalizi ya kumwigiza Amin, Whitaker alijifunza Kiswahili, akaongeza uzito, akajifunza kupiga kodiani kwa sababu Amin alikuwa akiipiga, akasikiliza kanda za hotuba zake. Alikutana na ndugu wa Amin, na watu waliomtumikia, na watu walioumizwa na utawala wake.

Kwa nini Kiswahili, wakati Uganda ina Kiganda na lugha nyingine nyingi, na Amin mwenyewe alikuwa Mkakwa? Kwa sababu Amin alilelewa na jeshi. Aliingia King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, enzi za mkoloni, na lugha ya kambi za KAR ilikuwa Kiswahili. Ndiyo lugha ya amri na utani wa bwenini, na ndiyo aliyopandia vyeo. Alipokuwa rais, mwaka 1973, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa sehemu ya Waganda lugha hii ilibaki kwa miaka mingi na harufu ya buti na kizuizi cha barabarani, jambo ambalo sisi wa pwani na Tanzania tunaolelewa nayo nyumbani huwa tunalisahau.

Whitaker alilijua hilo au alilihisi. Maneno ya Kiswahili katika filamu ni machache, lakini faida ya kukisoma inasikika kwenye Kiingereza cha Amin wake: irabu zilizo wazi mwishoni mwa neno, mkazo unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sentensi fupi zinazotupwa kama amri kisha zinafuatwa na kicheko. Hapo utaona jinsi sikio la mwimbaji linavyofanya kazi. Waigizaji wengi wa Marekani wakipewa Mwafrika hutoa lafudhi moja ya bara zima. Huyu alitoa lafudhi ya mtu mmoja, wa mahali pamoja, aliyepita jeshi moja.

Na tisho lenyewe halimo kwenye kelele. Limo kwenye ule mpito: Amin anacheka, anamkumbatia daktari wake, kisha kicheko kinakatika na macho yanabaki palepale. Hujui sentensi ijayo itakuwa zawadi au kifo.

Daktari wa Kiskoti aliyemo kwenye filamu aliwahi kuwepo?

Nicholas Garrigan, aliyeigizwa na James McAvoy, ni wa kubuni. Amin, mapinduzi ya 1971, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na ndege iliyotekwa na kupelekwa Entebbe mwaka 1976 ni historia. Kay, mke wa Amin aliyeigizwa na Kerry Washington, alikuwepo na alikufa kifo cha kusikitisha mwaka 1974, lakini mapenzi yake na Garrigan yametungwa. Basi usiichukue filamu hii kama kitabu cha historia. Inaishia kabla ya Vita vya Kagera, kwa hiyo Mtanzania anayesubiri kuona majeshi yetu yakiingia Kampala Aprili 1979 hatayaona.

Ilipigwa wapi?

Uganda kwenyewe, na Waganda walishiriki. Stephen Rwangyezi, mwasisi wa kikundi cha ngoma cha Ndere, na Abby Mukiibi ni miongoni mwa walioigiza. Mwezi Februari 2007 ilioneshwa Kampala, Whitaker akiwepo, mbele ya watazamaji ambao baadhi yao walikuwa wamemwona Amin wa kweli kwa macho yao. Hakuna jopo la majaji linalotisha kuliko hilo.

Je, ndiye mtu wa kwanza kumwigiza Amin?

Hapana. Muda mfupi baada ya tukio la Entebbe, Julius Harris na Yaphet Kotto walimwigiza katika filamu mbili tofauti za Kimarekani. Na kwa watu wa rika fulani Afrika Mashariki, Amin wa kwenye sinema atabaki kuwa Mkenya Joseph Olita, katika *Rise and Fall of Idi Amin* ya mwaka 1981. Olita alifanana naye kiasi cha kuogofya. Wakiwekwa pamoja, ningesema Olita anakupa sura ya Amin na Whitaker anakueleza kwa nini watu walimpenda kabla ya kumwogopa. Olita anastahili kutajwa zaidi kuliko anavyotajwa.

Alipata tuzo gani kwa uhusika huo?

Karibu zote: Golden Globe, BAFTA ya Uingereza, tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, na Oscar ya mwigizaji bora wa kiume tarehe 25 Februari 2007. Alikuwa Mweusi wa nne kuipata, baada ya Sidney Poitier, Denzel Washington na Jamie Foxx. Katika hotuba yake alisimulia kwamba utotoni sinema aliziona akiwa kiti cha nyuma cha gari la familia, kwenye drive-in. Wazazi wetu waliopelekwa Drive-In za Dar es Salaam na Nairobi wamejifunika kanga dhidi ya baridi na mbu wanaijua picha hiyo.

Nje ya Amin, ni uhusika gani ulio bora?

Kwangu mimi ni *Ghost Dog* ya Jim Jarmusch, ya mwaka 1999. Whitaker ni muuaji wa kukodiwa anayeishi juu ya paa la nyumba pamoja na njiwa zake, anasoma kitabu cha maadili ya samurai wa Japani, na anawasiliana na bosi wake kwa kutuma njiwa. Hasemi sana. Rafiki yake mkubwa ni muuza aiskrimu anayejua Kifaransa tu, na Ghost Dog anajua Kiingereza tu. Kila mmoja anasema kwa lugha yake, hawaelewani hata neno, na mara nyingi wanasema jambo lilelile. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ugenini na mtu asiyejua lugha yake, labda Muscat au Lubumbashi, atauamini urafiki ule kabla hajaelezwa chochote.

Ya pili ni *The Crying Game* ya Neil Jordan, 1992. Ni mwanajeshi wa Uingereza aliyetekwa na wapiganaji wa Ireland. Akiwa amefungwa, anamsimulia mlinzi wake kisa cha nge na chura: nge aliyeomba kubebwa kuvuka mto, akamdunga aliyembeba. Vibandani tulifundishwa kwamba steringi hafi. Hapa anakufa mapema, na filamu nzima iliyobaki inaendeshwa na kumbukumbu yake.

Amewahi kuongoza filamu?

Ndiyo, na vizuri. *Waiting to Exhale*, ya Desemba 1995, ilikuwa na Whitney Houston, Angela Bassett, Loretta Devine na Lela Rochon, na ilishika nafasi ya kwanza Marekani wiki ilipotoka, ikikusanya takriban dola milioni 67 nchini humo. Wanawake wanne Weusi, mapenzi yao na urafiki wao: kampuni za Hollywood zilikuwa hazijazoea kuamini kwamba hadithi hiyo ingejaza majumba. Ilifuata *Hope Floats* ya 1998.

Kazi yake ya utayarishaji haitajwi inavyostahili. Kampuni yake ilimshika mkono kijana aliyekuwa akisomea filamu, Ryan Coogler, katika filamu yake ndefu ya kwanza, *Fruitvale Station* ya 2013, kuhusu Oscar Grant, kijana aliyepigwa risasi na polisi kwenye kituo cha treni Oakland usiku wa mwaka mpya wa 2009. Miaka mitano baadaye Coogler ndiye aliyeongoza *Black Panther*.

Ndiyo maana yumo kwenye *Black Panther*?

Yumo kama Zuri, mlinzi wa mimea inayompa mfalme nguvu. Jina hilo sisi hatuhitaji kamusi kulielewa, ingawa lugha ya Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, inayosikika kwenye filamu ni Kixhosa cha Afrika Kusini.

Denzel Whitaker ni mwanawe?

Hapana, hawana undugu. Mkanganyiko unaeleweka: Denzel Whitaker aliigiza mtoto wa Forest katika *The Great Debaters* ya 2007, filamu iliyoongozwa na Denzel Washington, kisha akaigiza Zuri wakati wa ujana wake katika *Black Panther*.

*The Butler* ni kisa cha kweli?

Kimetokana na maisha ya Eugene Allen, aliyehudumu Ikulu ya Marekani kwa miaka 34. Cecil Gaines wa kwenye filamu hiyo ya Lee Daniels, ya mwaka 2013, amepewa familia na mikasa mingine. Anafundishwa kazi kwa sharti kwamba akiwa chumbani, chumba kionekane hakina mtu. Marais wanajadili hatima ya watu Weusi huku yeye akimimina chai. Ni filamu nzima ya mtu anayesikia na haruhusiwi kujibu, na Whitaker anaibeba kwa shingo na mabega. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 170 duniani. Mimi sikuelewa, na mpaka leo sielewi, kwa nini Oscar hawakufikia hata kumteua mwaka ule.

Zipo alizoharibu?

*Battlefield Earth* ya mwaka 2000, pamoja na John Travolta, ilianguka vibaya na hakuna wa kuitetea. Zipo pia kadhaa za kujaza muda, zenye polisi na bastola, ambazo hukosi kitu usipoziona.

Ni kweli ameigiza Amin na pia Askofu Desmond Tutu?

Kweli. Katika *The Forgiven* ya Roland Joffé ni Tutu wakati wa Tume ya Ukweli na Maridhiano, akikabiliana na mfungwa Mzungu muuaji aliyeigizwa na Eric Bana. Filamu yenyewe ina udhaifu wake, lakini hebu fikiri: mtesaji wa Kampala na mpatanishi wa Cape Town, koo moja, kifua kimoja. Tutu wake hupanda sauti kama mtu anayekaribia kuimba, kisha anacheka kidogo, na kicheko hicho hakina hata chembe ya kile cha Amin.

Siku hizi anaonekana wapi?

Kwenye tamthilia ya *Godfather of Harlem*, tangu 2019, ni Bumpy Johnson, jambazi wa Harlem aliyetoka jela na kuukuta mtaa wake umechukuliwa. Wapenzi wa *Star Wars* wanamjua kama Saw Gerrera, mwasi mwenye kifua kibovu, katika *Rogue One* na *Andor*. Zingatia pumzi yake pale. Mwezi Mei 2022 Cannes ilimpa Palme d'Or ya heshima, jina la tuzo kuu ya tamasha hilo, miaka 34 baada ya *Bird*.

Jicho lake la kushoto lina nini?

Kope lake limelegea tangu kuzaliwa, hali ya kurithi ambayo amekwisha kuieleza mwenyewe. Si jeraha wala kiharusi.

Ana uhusiano wowote na Afrika Mashariki hivi sasa?

Anao, na haukuisha kamera zilipofungwa. Kutokana na safari ya ile filamu alianza kuisaidia shule ya Hope North, kaskazini mwa Uganda, iliyopokea vijana walioathiriwa na vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army). Mwaka 2011 UNESCO ilimfanya balozi wake wa amani na maridhiano, na mwaka 2012 akaanzisha shirika lake, Whitaker Peace & Development Initiative. Linafundisha vijana usuluhishi, kompyuta na biashara ndogo, Sudan Kusini na Uganda zikiwa miongoni mwa sehemu zake kuu, ikiwemo makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo.

Sijawahi kumtazama kwa makini. Nianze na ipi?

Anza na dakika zile za pool katika *The Color of Money*. Kesho yake tazama *Ghost Dog*, usiku, simu ikiwa mbali. *The Last King of Scotland* iache iwe ya tatu, na isiwe mbele ya watoto, kwa maana ina mauaji na mateso yanayooneshwa waziwazi. Kama nyumbani yupo mzee aliyeishi Uganda miaka ya 1970, muulize kwanza kama yuko tayari kuitazama. Akikubali, kaa karibu naye, na pale Amin anapocheka mara ya kwanza, geuka umtazame mzee badala ya kioo.